Pembe zinazotoka na kurudi: Ufundi uliofichwa chini ya manyoya

MLANGO wa chumba katika nyumba nyingi za Marekani una upana wa sentimita 80 hivi. Pembe za dume la muusi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya ayala, ambaye huishi katika misitu na vinamasi vya Alaska na Kanada, huweza kutanuka kwa karibu mita mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Msasi aliyempiga risasi mnyama huyo, akakipeleka kichwa kwa fundi na kusubiri miezi mingi kihifadhiwe, aghalabu hugundua siku ya kukichukua kwamba nyara yake haipiti mlangoni, haiingii katika gari lake, na shirika la ndege halitaki hata kuisikia.

Ndipo mafundi wa taksidemia, yaani ufundi wa kuhifadhi wanyama waliokufa ili waonekane kana kwamba wangali hai, walipobuni njia ya kuzifanya pembe zitoke na kurudi. Kichwa husafirishwa katika sanduku lake, pembe katika lake, na vikifika ukutani huunganishwa tena kwa dakika chache pasi na mtazamaji kujua kwamba viliwahi kutengana. Hilo ndilo lengo. Kulifikia ni jambo jingine, na kazi nyingi za aina hii huharibika kwa sababu msumeno ulitangulia na futikamba ikafuata.

Msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Nchi yetu ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara na bidhaa zilizotokana nazo. Hata hivyo, kabla ya hapo Nairobi ilikuwa kituo kikubwa cha ufundi huu. Wakazi wa mtaa wa Zimmerman, kando ya barabara ya Thika, wanaishi katika mahali palipopewa jina la Paul Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa fundi mashuhuri wa kuhifadhi wanyama na ambaye karakana yake ilikuwa pande hizo. Isitoshe, maarifa yale yale ya kutenganisha pembe na kichwa bila kukiharibu yamegeuka kuwa kinga ya majumba ya makumbusho dhidi ya wezi wa pembe za faru. Hilo linatugusa moja kwa moja sisi tunaowalinda faru walio hai.

NENO MOJA, VITU VINNE

Kiswahili kimekuwa na ukarimu mwingi kwa neno pembe. Ng'ombe ana pembe, faru ana pembe, ndovu ana pembe, na ayala wa ng'ambo naye ana pembe. Fundi hawezi kuwa mkarimu kiasi hicho kwa kuwa vitu hivyo vinne havifanani hata kidogo.

Pembe ya ndovu ni jino. Pembe ya faru haina mfupa ndani yake. Ni keratini, dutu ile ile ya kucha na nywele, kuanzia nje hadi kiini chake, nayo imekaa tu juu ya mfupa wa pua wenye uso wa kukwaruza. Pembe ya ng'ombe, nyati, tandala au choroa ni gamba la keratini lililovikwa juu ya kiini cha mfupa, mithili ya ala juu ya upanga. Kichwa kikilowekwa au kuchemshwa, gamba hilo huchomoka na kukiacha kiini. Ndiyo sababu wahenga wetu waliweza kutengeneza baragumu kwa pembe ya tandala. Walichokipuliza kilikuwa ala tupu.

Ayala ni habari nyingine. Jina lake tunalifahamu zaidi kupitia tafsiri za Biblia, maana mnyama mwenyewe hatunaye. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili. Barani Afrika ayala wa asili wanapatikana kaskazini, kama vile katika misitu ya Algeria na Tunisia. Pembe zake ni mfupa mtupu, zina matawi, nazo huota juu ya vishina viwili vifupi vya mfupa katika paji la uso. Katika makala haya tutaviita vikonyo, kwa kuwa kazi yake ni ile ya kikonyo cha embe: kulishika tunda hadi msimu wake uishe.

Na msimu huisha kweli. Majira ya kuchipua yanapofika, pembe mpya huanza kukua zikiwa zimefunikwa kwa ngozi laini yenye damu na nywele fupi. Huwa miongoni mwa tishu za wanyama zinazokua kwa kasi zaidi duniani, na kwa dume kubwa huweza kurefuka kwa sentimita mbili au zaidi kwa siku moja. Kiangazi kikikaribia kwisha ngozi ile hukauka, naye dume huisugua kwenye miti hadi itoke. Pembe zilizobaki wazi ndizo anazopigania majike. Baada ya hapo, wakati wa baridi, chembechembe za mwili huanza kuula mfupa katika mstari mmoja tu, pale kikonyo kinapokutana na pembe. Siku moja dume linatikisa kichwa, na mzigo wa kilo kumi unaanguka thelujini. Mwaka unaofuata huota nyingine.

Hivyo basi, pembe ya ayala ni kitu cha kutoka tangu mwanzo. Fundi anapoikata anafuata nyayo za maumbile, milimita chache tu chini ya mstari ule. Tofauti ni kwamba maumbile hayana haja ya kuirudisha pembe ile ile mahali pake.

Kwa wanyama wenye pembe za ala, kama hawa wetu, kazi huwa nyepesi. Gamba likishachomoka, kiini hukaushwa na kupunguzwa, kisha gamba huvishwa tena juu yake. Fundi asipotia gundi bali skrubu moja iliyofichwa nyuma, tayari ana pembe ya kutoa na kurudisha. Ugumu wote unaoelezwa hapa chini unatokana na ukweli kwamba pembe ya ayala haina uwazi ndani, na kwamba ni nzito.

RISASI, RULA NA SHERIA

Kuna sababu kadhaa za kutaka pembe zitoke. Mlango tumeshautaja. Ndege nayo ni kikwazo. Huko Alaska wasasi wengi huingia na kutoka porini kwa ndege ndogo za kutua majini au kwenye changarawe, ambazo tumbo lake halipokei kitu cha upana wa mita moja na nusu. Ugonjwa pia umeongeza masharti. Maradhi ya kudhoofisha yanayoshambulia ubongo wa ayala, ambayo yalionekana mara ya kwanza Colorado mnamo 1967, yamezifanya serikali nyingi za majimbo ya Marekani kupiga marufuku kuvusha vichwa vyenye ubongo mpakani. Kinachoruhusiwa kwa kawaida ni kipande cha juu cha fuvu kilichosafishwa, pembe zikiwa juu yake.

Lakini kuna kundi la watu ambao hawataki msumeno uukaribie mfupa huo kabla ya wakati wake. Nao ni watunza rekodi.

Klabu ya Boone and Crockett ilianzishwa mwaka wa 1887, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Theodore Roosevelt, yule yule aliyeshuka Mombasa mnamo Aprili 1909, wiki chache baada ya kumaliza urais wa Marekani, ili kukusanya wanyama kwa niaba ya Taasisi ya Smithsonian. Yeye na mwanawe Kermit waliwapiga risasi wanyama 512 katika safari hiyo ya Afrika Mashariki na maeneo ya juu ya Nile. Klabu hiyo ndiyo inayoweka kumbukumbu ya nyara kubwa za Amerika Kaskazini, na kanuni zake zina ukali wake. Pembe hazipimwi rasmi hadi zikauke kwa siku 60 katika hewa ya kawaida ya nyumbani, kwa sababu mfupa mbichi ukikauka hunywea na upana wa pembe hupungua. Tena fuvu lililopasuliwa katikati halikubaliwi. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: anayeweza kulipasua fuvu anaweza pia kuchomeka kabari kati ya vipande viwili na kuongeza upana kadiri atakavyo.

Upana huo si suala la majivuno tu. Katika sehemu kadhaa za Alaska, dume la muusi huwa halali kuwindwa endapo pembe zake zimetimiza upana wa inchi 50, yaani sentimita 127, au zina idadi fulani ya matawi ya mbele. Huko, pembe zikiwa bado juu ya fuvu zima ni ushahidi. Anayezikata mapema anakata ushahidi wake mwenyewe.

Fundi mwaminifu kwa hivyo huanza kwa maswali. Je, mwenye nyara amekwisha kuipeleka kwa mpimaji? Je, vibali vimegongwa muhuri? Ikiwa jibu ni la, msumeno hubaki ukutani. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tofauti kati ya fundi na mkataji inapojitokeza, kwa kuwa hakuna gundi iliyobuniwa inayoweza kulirudishia fuvu hadhi ya kutokatwa.

KIOLEZO KABLA YA MSUMENO

Shida kubwa ya kazi hii ni kumbukumbu. Pembe ikishatengana na kichwa, hakuna kitu mkononi mwa fundi kinachomwambia ilikuwa imeinamia mbele kiasi gani, au ilikuwa imejikunja kuelekea wapi. Kosa la nyuzi mbili pale chini huonekana kama upungufu wa sentimita kadhaa kule kwenye ncha, na jicho la mtu, hata asiye msasi, hutambua haraka uso uliopinda.

Kwa sababu hiyo, kipande cha fuvu chenye pembe zote mbili hufungwa kwanza juu ya umbo la ndani la kichwa, katika mkao ule ule utakaobaki nao siku zote. Zamani umbo hilo lilikuwa majani makavu na vumbi la mbao vilivyoshindiliwa ndani ya ngozi, na ndiyo maana wanyama wa kale katika makumbusho hufanana na mito ya kulalia. Carl Akeley, Mmarekani aliyezuru Kenya mara kadhaa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Chicago na New York na ambaye alifia Kongo mwaka wa 1926, ndiye aliyeueneza mtindo wa kulifinyanga umbo lenye misuli na mishipa kabla ya kulivika ngozi. Siku hizi mafundi hununua umbo lililotengenezwa tayari kwa povu gumu la plastiki. Ni jepesi na huchongeka kwa urahisi, lakini halishiki skrubu. Hili tutalirejea.

Baada ya kufunga, fundi hupima: upana wa ndani, umbali kati ya ncha na ncha, umbali wa kila ncha kutoka puani na kutoka ukutani. Hupiga picha kutoka mbele, pembeni na juu. Kisha hujenga kiolezo, ambacho si kingine ila fremu ya mbao iliyofungwa imara kwenye meza au ubao ule ule ulioshika kichwa, na yenye mikono inayokamata kila pembe mahali pasipopungua patatu. Sehemu tatu ni muhimu, maana kitu kilichoshikwa mahali pawili bado kinaweza kuzunguka. Kiolezo kikikamilika, pembe inaweza kukatwa na kichwa kisijue. Itaning'inia pale pale ilipokuwa, hewani, ikiwa imeshikwa na mbao.

Kisha hukatwa pembe moja tu. Kiungo chake humalizwa chote, kikajaribiwa na kukubalika, ndipo ya pili iguswe. Pembe iliyobaki nzima huwa shahidi wa mwenzake.

Mkato wenyewe hupita katikati ya kikonyo, chini ya ile pete ya vinundu vya mfupa inayoizunguka pembe mahali inapoanzia. Pete hiyo ni zawadi kwa fundi, kwa vile imejitokeza nje kama ukingo wa kofia na manyoya hupanda hadi chini yake. Mstari wowote utakaobaki utakuwa kivulini. Anayekata juu ya pete, kwa kuogopa kikonyo kifupi, huacha kovu katikati ya mfupa ulio wazi, na atalipaka rangi maisha yake yote. Msumeno uwe na jino jembamba. Kila msumeno hula mfupa wa unene wake, pengine milimita moja au mbili, na unene huo sharti urudishwe baadaye kwa kijazio, la sivyo pembe itakaa chini ya mahali pake pa asili.

MRABA, SI MVIRINGO

Sasa tuufikirie uzito. Pembe mbili za muusi aliyekomaa huweza kuzidi kilo 20, nazo hazikusimama wima kama za swala. Zimelala kuelekea pembeni kama viganja viwili vilivyofunguliwa. Jaribu kuibeba ndoo ya maji ya lita kumi huku mkono umeunyosha kando, usiushushe. Maumivu unayoyasikia begani ndiyo yanayokipata kiungo cha pembe, mchana na usiku, kwa miaka 30 au 40. Kwa wapiti, au kwa karibuu (ambaye jina lake halina uhusiano wowote na makaribisho yetu), pembe huelekea juu na nyuma, hivyo mzigo wake ni mwepesi zaidi kuubeba.

Wengi wa wanaojifunza hutumia nondo ya mviringo. Huchimba shimo katika pembe, huchimba jingine katika kikonyo, hutia nondo na kuamini kuwa kazi imekwisha. Haichukui muda pembe huanza kuzunguka taratibu kwa uzito wake mwenyewe, na baada ya miezi michache mnyama anaonekana kama aliyesikia habari mbaya upande mmoja.

Dawa ni chuma cha mraba. Fundi huchukua mabomba mawili ya mraba yanayoingiana, kwa mfano la nje lenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita tatu, na la ndani la milimita 19, ambalo huingia humo kwa kubana. Vipande vya namna hii vinapatikana katika duka lolote la vyuma, na kijana wa jua kali wa Kamukunji angevikata na kuvichomelea kabla chai yake haijapoa. Bomba jembamba hugandishwa ndani ya pembe. Bomba pana hubaki kichwani. Kwa kuwa mraba hauwezi kuzunguka ndani ya mraba, pembe haina njia ila kurudi ilikotoka.

Shimo la kwenye pembe huchimbwa kwa keekee, polepole, likifuata mwelekeo wa shina la pembe. Ganda la nje la mfupa ni gumu ilhali ndani kuna sehemu zenye vitundu kama sifongo, hivyo chombo huweza kupotea njia endapo kitaharakishwa. Vumbi la mfupa si la kuvutwa puani. Barakoa ni ya lazima. Shimo hupanuliwa kidogo kupita bomba, na nafasi inayobaki hujazwa gundi ya epoksi, ile inayochanganywa kutoka katika mirija miwili. Bomba lenyewe hukwaruzwa kwa tupa ili gundi ipate mahali pa kung'ang'ania.

Upande wa kichwa ndio wenye hila. Tumesema kwamba povu halishiki skrubu. Fuvu nalo ni jembamba, na kikonyo ni kifupi. Bomba pana likigandishwa hapo pekee, mzigo utakibomoa kikonyo. Suluhisho lililo imara ni kuyachomelea mabomba yote mawili, la kulia na la kushoto, kwenye bamba moja la chuma linalopita chini ya paji la uso na kufungwa kwa bolti kwenye ubao mnene uliozikwa ndani ya povu. Kwa njia hiyo, pembe ya kulia inaibeba ya kushoto na ya kushoto inaibeba ya kulia, jinsi mzegazega unavyosawazisha madebe mawili ya maji begani. Fuvu linabaki na kazi moja tu, ya kuonyesha mahali.

Siku ya kugandisha, bomba la ndani hupakwa nta au mafuta ya mgando mahali ambapo halistahili kushikwa. Pembe hurudishwa ndani ya kiolezo, viungo huunganishwa, epoksi humiminwa, na kila mtu huondoka hadi kesho yake. Halafu huja hatua ninayoiona kuwa ndiyo uerevu wa kazi hii yote. Ule mwanya ulioachwa na msumeno hujazwa puti ya kujazia mabodi ya magari. Upande mmoja hupakwa nta, mwingine huachwa mkavu. Pembe inaposhushwa, puti hunasa chapa ya kila kinundu na kila bonde la mfupa ulio mkabala wake. Ikishakauka, vipande hivyo viwili vinakutana kama ufunguo na kufuli lake, na mtu anaweza kufumba macho akairudisha pembe kwa kusikiliza tu mlio wake inapokaa sawa.

Mwisho kabisa huwekwa skrubu ndogo ya kukaza, inayoingia kutoka nyuma ya kikonyo na kulibana bomba la ndani. Kwa wapiti wengine hutegemea uzito pekee. Kwa muusi, atakayeiacha skrubu hiyo asimlaumu mtu siku watoto watakapocheza mpira sebuleni.

NGOZI INAPOSINYAA

Kazi ya chuma ikikamilika, ngozi iliyokwisha kulainishwa kwa dawa huvishwa na kushonwa. Hapa kazi nzuri huweza kuharibika kimyakimya. Ngozi hunywea inapokauka, na mahali inaponywea zaidi ni pale iliposhikiliwa hafifu. Ikiachwa bila ulinzi, itarudi nyuma na kuliacha bomba wazi, au itapanda juu ya tundu na kuliziba. Mafundi huweka pete nyembamba ya plastiki kuzunguka kikonyo, ngozi huingizwa chini yake na kugandishwa, halafu pembe zikiwa zimepakwa nta hurudishwa na kukaa mahali pake muda wote wa kukauka. Hutolewa mara kwa mara kuhakikisha hazijashikana na ngozi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na haina njia ya mkato.

Pembe hutiwa alama chini, mahali pasipoonekana, ya kulia na ya kushoto. Kulia ni kwa mnyama mwenyewe, si kwa anayemtazama. Jambo hili dogo limewachanganya wapakuaji wengi wa masanduku.

PEMBE ZA BANDIA NA WEZI WA KWELI

Palipo na kiungo kinachofunguka, si lazima kinachorudi kiwe kile kilichotoka. Fundi aliye na pembe mkononi anaweza kuitengenezea kalibu ya mpira wa silikoni, akamimina humo plastiki ngumu au faibaglasi, akaipaka rangi na kuiweka bomba la mraba la vipimo vile vile. Nakala hiyo ni nyepesi mno. Ya asili huhifadhiwa kwingine. Msasi hufanya hivyo kupunguza mzigo ukutani, lakini makumbusho yamelazimika kufanya hivyo kwa sababu nzito zaidi.

Mnamo 2010 na 2011 majumba ya makumbusho na ya mnada barani Ulaya yalikumbwa na wimbi la wizi wa pembe za faru. Wezi hawakujali faru mwenyewe aliyehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja. Walichotaka ni pembe, ambayo huko Asia huuzwa kama dawa na kama pambo la wakwasi ijapokuwa, kama tulivyoona, ni keratini sawa na ukucha wa mnunuzi. Julai 2011 waliingia katika makumbusho ya Ipswich, Uingereza, wakaivunja pembe ya faru aliyekuwa kipenzi cha watoto wa mji huo na kutoweka nayo.

Wahifadhi waliotanguliwa na habari hizo walianza kuzitoa pembe halisi na kuweka za bandia. Kwa faru, kuitoa pembe ni rahisi kuliko kwa ayala, maana hakuna mfupa unaopita ndani yake. Kilicho kigumu ni kukata mahali inapokutana na ngozi ya zamani iliyokauka kama ubao, ambayo hupasuka ikilazimishwa. Tena ngozi nyingi za enzi hizo zilitiwa aseniki ili zisiliwe na wadudu, hivyo anayezikata hujifunika tangu kidole hadi pua.

Kazi hiyo ililipa upesi. Agosti 2011 mwizi aliingia usiku katika makumbusho ya historia ya viumbe ya Tring, kaskazini mwa London, akavunja pembe mbili za faru na kukimbia nazo. Zote mbili zilikuwa za plastiki.

Jijini Dublin, Ireland, makumbusho ya taifa yalichukua tahadhari ya namna nyingine. Badala ya kuzibadilisha pembe, viliondolewa vichwa vizima vya faru kutoka katika ukumbi wa maonyesho na kupelekwa katika ghala nje ya jiji, ambako ilidhaniwa vingekuwa salama. Usiku mmoja wa Aprili 2013, wanaume watatu waliofunika nyuso waliingia katika ghala hilo, wakamfunga kamba mlinzi aliyekuwa zamu, na kuondoka na vichwa vinne. Vilikuwa na pembe nane, na zote nane zilikuwa halisi.